Tui, Maziwa na Mchuzi: Safari ya Nazi na Maneno Yake kutoka Pwani hadi Lupepo



Nilipoalikwa kutoa mhadhara huu nadhani nilitarajiwa kuzungumzia jambo kubwa: usanifishaji, au tendi za kale, au uundaji wa istilahi. Nimechagua sufuria ya mchuzi wa mboga. Naomba mnivumilie, kwa kuwa sufuria hiyo ndiyo iliyonionyesha kosa nililolifanya kwa kalamu nyekundu.

Katika miaka ya mwanzo ya ualimu wangu nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari ambayo haina haja ya kutajwa. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa Rungwe, aliandika insha juu ya mapishi ya nyumbani kwao. Alieleza kwamba siku ya wageni mama yake huchuja “maziwa ya nazi” na kuyatia katika mboga. Niliyakata maneno hayo, nikaandika pembeni “tui”, nikampunguzia alama mbili. Mimi ni mzaliwa wa pwani. Kwetu maziwa hutoka kwa ng’ombe, mbuzi au ngamia, na mtu anayeliita tui maziwa huchekwa na watoto. Sikuona haja ya kufikiri zaidi ya hapo. Yule kijana hakubisha. Aliandika “tui” kila palipohitajika, na katika insha zote zilizofuata hakuandika tena juu ya nyumbani kwao.

Hoja ninayotaka kuijenga ni kwamba, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, maneno ya Kiswahili ya mapishi yalitangulia kufika na nazi yenyewe ikafuata baadaye sana. Kwa sababu hiyo, nazi ilipofika ilizikuta nyumba ambazo tayari zilikuwa na Kiswahili chao, na ikapewa jina kwa mujibu wa vyakula vilivyokuwamo. Alichokiandika kijana yule kilikuwa ushahidi wa historia, nami niliufuta.

Jikoni Lupepo

Lupepo ni kata ya wilaya ya Rungwe. Jina lake peke yake linampendeza mwanaisimu: kiambishi u- cha Kiswahili katika maneno kama upepo na ulimi kilikuwa lu- hapo kale, na lugha nyingi za bara zimekihifadhi hivyo hadi leo. Mswahili anayefika Lupepo husikia jina ambalo babu zake wa mbali wangelielewa kuliko yeye.

Nchi yenyewe ni ya migomba, chai, viazi na ng’ombe wa maziwa. Tukuyu, makao ya wilaya, iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, na mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000. Kaskazini yake kuna Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 3,000. Mnazi hauwezi kuzaa katika nchi kama hiyo. Mnazi unataka joto la wastani wa nyuzi 27 hivi, na pale wastani unaposhuka chini ya 20 hudumaa au husimama bila kuzaa. Wastani wa mwaka wa Tukuyu haufiki 20. Kwa hiyo kila nazi inayokunwa Lupepo imepandishwa mlimani na mtu.

Nilifika huko mwaka 2006, nikakaribishwa na familia moja. Mama mwenyeji, mtu wa makamo, alikuwa na nazi mbili zilizonunuliwa sokoni Tukuyu. Alinijua kuwa mtu wa pwani, na kwa adabu ya mwenyeji alitaka kunipikia chakula cha kwetu. Nitaeleza alivyopika, kwa kuwa vitendo vyake vina habari ambazo maneno peke yake hayawezi kutoa.

Aliipasua nazi kwa mgongo wa panga huku akiizungusha mkononi, na maji yake akampa mjukuu anywe. Mbuzi ya kukunia hakuwa nayo. (Wanafunzi watambue upatanisho: yule anayelia ni mbuzi wangu, na hii ya kukalia ni mbuzi yangu.) Alikunia kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, upande wenye makali ukiwa juu. Kifumbu pia hakuwa nacho. Alitumia chujio la chai, kifaa ambacho katika wilaya inayolima chai hakikosekani nyumbani. Alimimina maji ya uvuguvugu juu ya nazi iliyokunwa, akaifikicha kwa mkono, akachuja. Yale mazito ya kwanza akayaweka kando katika bakuli. Akarudia tena kwa maji mengine, akapata mepesi.

Kitunguu kilikaangwa kwa mafuta kidogo, zikafuata nyanya mpaka zikalainika na kutoa mafuta pembeni, kisha kijiko cha bizari ya mchuzi kutoka kwenye pakiti. Akatia viazi mviringo vilivyokatwa vipande, karoti, na baadaye njegere. Maji ya nazi mepesi yalitangulia, ili mboga ziivie humo. Viazi vilipokaribia kuiva alipunguza moto kwa kuvuta kuni nje, akamimina yale mazito, akakoroga polepole kuelekea upande mmoja bila kuacha. Chumvi ilikuwa ya mwisho.

Nilimwuliza nani alimfundisha kutoyachemsha yale mazito kwa nguvu. Pwani tungesema tui litakatika, na mtoto wa kike hufundishwa hilo mapema. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji huteremka. “Mwalimu,” alisema, “maziwa ukiyatia kwenye nyanya moto ukiwa mkali, si yanakatika?”

Nikaona nafasi yangu. “Mama, haya kwetu tunayaita tui.”

“Tui ni nini?”

Nikajikuta nimemjibu: “Ni maziwa ya nazi, mama.”

Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. “Basi, mwalimu, si ndiyo niliyosema?”

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba jina alilotumia lilikuwa na kazi jikoni. Mama huyu hakurithi elimu ya nazi kutoka kwa mama yake. Alikuwa na elimu ya maziwa, na kwa kuliita tui maziwa aliihamishia elimu hiyo yote katika sufuria: usichemshe kwa nguvu, usitie mapema katika kitu kichachu, koroga. Jina lilimkumbusha la kufanya.

Utajiri wa pwani

Kwa upande wa pwani, msamiati wa nazi ni bahari. Tunda moja hubadilishiwa jina kadiri linavyokua: kidaka, kitale, dafu, koroma, hatimaye nazi, na likikauka ndani ya kifuu huwa mbata. Kifuu hutoa kata na upawa, makumbi hutoa kamba, majani hutoa makuti. Jikoni kuna kukuna, kukamua na kuchuja. Kuna kasimile, yaani tui zito la kwanza kabla ya kuongezwa maji, na kuna chicha, yaani makapi yanayobaki. Watu hawaumbi maneno mengi namna hii kwa kitu walichokutana nacho juzi. Neno nazi tunalo pamoja na ndugu zetu Wamijikenda, na Wangazija husema nadzi, ishara kwamba limo katika kundi hili la lugha tangu zamani za mbali.

Maandishi ya wageni yanaunga mkono ukale huo. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari yetu karibu na mwaka 916, aliandika kwamba watu wa Zanji wana visiwa vinavyoota minazi na kwamba matunda yake huliwa na Wazanji wote. Lakini shahidi mwenye faida zaidi kwetu ni Ibn Battuta. Alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mogadishu alikaribishwa kwa wali wenye samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Katika chombo kingine aliletewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na katika kingine maziwa mgando yenye achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na maembe.

Tutafakari orodha hiyo kidogo. Ndizi mbichi, maziwa yaliyotoka kukamuliwa, maziwa mgando: mezani pa sultani wa Mogadishu kulikuwa na vyakula ambavyo mkulima wa Rungwe angeviona ni vya nyumbani, na nazi haikutajwa. Sidai kwamba haikuwako mjini. Nasema tu kwamba picha tuliyo nayo vichwani, ya pwani ya nazi iliyokabiliana na bara ya maziwa, haikuwa dhahiri hivyo kwa mgeni wa karne ya 14.

Tena kuna jambo la pili. Baada ya kutoka Kilwa, Ibn Battuta alivuka hadi Dhofar, kusini mwa nchi ambayo leo ni Omani, na huko ndiko alikoeleza nazi kwa kirefu. Alisimulia jinsi mtu anavyokaa juu ya kiti, akaikwangua nazi kwa kifaa chenye ncha ya chuma, kisha ile iliyokwanguliwa ikalowekwa katika maji mpaka maji yakawa na rangi na ladha ya maziwa, na watu wakayafanya kitoweo. Kila Mswahili anayeyasoma maelezo hayo hukiona kifaa cha bibi yake. Na huyu mwanachuoni wa Tangier, aliyekuja kutoka nchi isiyo na minazi, aliyaitaje maji yale meupe? Aliyaita maziwa. Kwa hiyo yule kijana wa sekondari, bila kujua, alikosea pamoja na Ibn Battuta. Nami sijasikia mwalimu yeyote aliyempunguzia Ibn Battuta alama.

Maneno yalivyotangulia

Sasa tuipande njia ya kutoka bahari hadi Rungwe. Ni njia ndefu: kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, na kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni nyingine 70 hivi. Kwa mpagazi aliyekwenda kwa miguu ilikuwa kazi ya miezi. Nazi ni mzigo mbaya wa safari kama hiyo, kwa kuwa ni nzito, thamani yake ni ndogo na huoza. Neno halina uzito.

Mwaka 1879 Joseph Thomson alifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa akiongoza msafara ulioondoka Dar es Salaam mwezi Mei. Aliistaajabia nchi ya Wanyakyusa, migomba yake na usafi wa vijiji vyake. Kiongozi wa wapagazi katika msafara huo alikuwa James Chuma, yule aliyekuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wa Livingstone hadi pwani, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Katika miaka ya 1880 wafanyabiashara wa pwani chini ya Mlozi walikuwa wamejiimarisha karibu na Karonga, upande ambao leo ni Malawi, umbali mfupi tu kutoka bonde la Kyela. Biashara yao ilikuwa ya pembe na watumwa, na vita vyao viliiumiza nchi hiyo mpaka Mlozi aliponyongwa mwaka 1895. Ni vyema tukumbuke kwamba Kiswahili hakikupanda milima ile kikiwa na mikono safi.

Mwaka 1893 Hermann von Wissmann alipeleka meli ya mvuke katika ziwa, na kituo cha Wadachi cha Langenburg kikaanzishwa ufukweni. Safari hiyo ina umuhimu wa pekee kwa somo letu, kwa kuwa mmoja wa waliokuwamo, Selim bin Abakari, Mngazija, aliisimulia kwa Kiswahili, na masimulizi yake yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Mapema katika karne ya 20 makao ya serikali yalihamishiwa mlimani na kuitwa Neu-Langenburg. Mji huo ndio Tukuyu ya leo. Boma lilikuja na askari, makarani na watumishi waliosema Kiswahili, na ukisoma orodha ya kata za wilaya ya Rungwe utakuta Bagamoyo na Msasani kando ya Bulyaga, Makandana na Lupepo. Majina ya pwani yaliota mahali ambapo minazi haioti.

Hata hivyo Kiswahili hakikuwa lugha ya mambo yote. Wamoravian walioanzisha kituo cha Rungwe mwaka 1891, na wamisionari wa Berlin waliofika mwaka huohuo, walijifunza Kinyakyusa na kuhubiri kwacho. Sarufi ya lugha hiyo iliyoandikwa na Carl Schumann ilitoka mwaka 1899. Nyumbani na kanisani watu walisema Kinyakyusa. Bomani, safarini na kazini, Kiswahili. Kupika, ukupija, kulibaki upande wa nyumbani. Machimbo ya dhahabu ya Lupa, yaliyofunguliwa katika miaka ya 1920, yaliwavuta vijana wengi wa Rungwe, na kambini huko wanaume waliotoka kila upande walijipikia na kutaja walichopika kwa Kiswahili. Naamini kwamba wengi walijifunza kusema mchuzi, kitunguu, bizari na kuunga katika mazingira ya namna hiyo, mbali na mnazi wowote. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kati ya Wanyakyusa kuanzia 1934 hadi 1938, waliikuta nchi ya ndizi na ng’ombe.

Baada ya Uhuru mwendo uliongezeka. Shule za msingi zilifundisha kwa Kiswahili nchi nzima, na mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyofuata ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ilivikusanya vikundi vya watu wazima mbele ya redio kuzungumzia lishe kwa Kiswahili. Mwaka huohuo wa 1975 reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa 1970, ilikamilika. Ilikabidhiwa rasmi 1976. Pamoja na barabara kuu ya lami kuelekea Zambia, reli ile iliifanya safari ya miezi kuwa ya siku moja au mbili. Viazi, ndizi na mchele wa Kyela viliteremka. Nazi ikawa na gari la kupandia. Si kwamba hakuna aliyeiona kabla ya hapo, lakini nazi ya kununuliwa sokoni kwa pesa ya kawaida, na mama asiye mke wa karani, ni jambo la kizazi hicho na kilichofuata. Tukihesabu kutoka kwa wapagazi wa Chuma hadi treni ya kwanza, maneno yaliitangulia nazi kwa miaka karibu mia moja.

Kitenzi kilichobaki na kazi

Baadhi ya maneno, kwa hakika, hayakuhitaji hata kupanda. Mchuzi ni neno la Kibantu, na jirani wa Rungwe ng’ambo ya mpaka husema msuzi kwa Kichewa, naye Mzulu wa mbali husema umhluzi. Mtu wa nchi hizo anaposikia “mchuzi” husikia neno linalofanana na la nyumbani. Kwa upande mwingine bizari imetoka Uarabuni. Nyanya na viazi mviringo ni mazao ya Marekani ya Kusini yaliyopewa majina hapa, na karoti ilikuja na Mwingereza pamoja na jina lake. Sufuria moja ya mchuzi wa mboga ina historia kuliko idara nyingi za historia.

Lakini neno lililonishughulisha zaidi ni kuunga. Kwa mtu wa pwani, mboga huwa chukuchuku, yaani ya maji na chumvi tu, au huungwa. Na anaposema “nimeuunga” bila kutaja kitu, msikilizaji huelewa kuwa ametia nazi. Nazi imo ndani ya kitenzi. Bara, kitenzi hicho kiliposafiri peke yake, kilifika kikiwa na nafasi tupu, na kila nchi ikaijaza kwa ilicho nacho. Dodoma na Singida mboga huungwa kwa karanga. Mahali pengine huungwa kwa mafuta na nyanya, na kwenye ng’ombe huungwa kwa maziwa au krimu. Kule chini Kyela, kwenye michikichi, kuna mawese. Ndiyo maana wapishi wa bara husema kwa ukamilifu “kuunga kwa karanga” au “kuunga kwa nazi”, maneno ambayo kwa sikio la mtu wa Mafia yana kitu cha ziada, kama kusema “kupanda juu”.

Wanasarufi wangesema kitenzi kimepata kijalizo. Mimi naona zaidi ya hapo. Maana ya kitenzi imepanuka kutoka kitendo kimoja cha pwani hadi kanuni ya upishi: kutia kitu chenye mafuta kinachoshikamanisha mboga na maji yake. Na upanuzi huo, ukiangalia mzizi wenyewe, unairudia maana ya kuunganisha ambayo mpishi wa pwani, kwa mazoea ya nazi, ameacha kuisikia. Katika jambo hili bara imekielewa Kiswahili vizuri kuliko sisi.

Neno mboga nalo limepita njia kama hiyo. Pwani tunatofautisha mboga na kitoweo, ilhali katika sehemu nyingi za bara mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali au ndizi, nyama ikiwamo. Mgeni wa pwani akiambiwa “leo mboga ni kuku” hutabasamu. Afadhali atabasamu na kula.

Jiko la nani katika kamusi?

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, na kamusi zilizosimamiwa na Frederick Johnson zikatoka mwaka 1939. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliundwa 1964, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikachapishwa 1981. Sina ugomvi na uteuzi wa Kiunguja. Lahaja moja ilibidi ichaguliwe, na hiyo ilikuwa na wasemaji, bandari na maandishi. Ninachosema ni kwamba waliochagua matamshi na sarufi ya Unguja walichagua pia, bila kuketi na kulijadili, jiko la Unguja. Kifumbu na kasimile vikawa Kiswahili. Chujio la chai lenye nazi ndani yake likawa kosa la mwanafunzi.

Wenzangu wataniuliza: je, basi kila anachosema mtu kipokewe? Hapana. Mwanafunzi wa Lupepo anapaswa kulijua neno tui, tena alijue pamoja na kasimile na chicha, kwa kuwa ni mali yake kama ilivyo mali ya mtoto wa Pemba, na kulipoteza ni umaskini. Tofauti yangu na yule mwalimu kijana niliyekuwa ni ndogo lakini ni ya msingi. Yeye aliona neno moja sahihi na moja baya. Mimi naona maneno mawili, kila moja na tarehe yake: moja lililotoka katika nchi ambako nazi ilikuwako kabla ya maandishi, na jingine lililotungwa na watu walioipokea nazi wakiwa na ng’ombe zizini. Kamusi inayoandika lipi linatumika wapi haimnyang’anyi mtu wa pwani chochote. Mtafiti anayetaka kujua lini nazi ilifika kijiji fulani cha bara angeanza kwa kuuliza wapishi wanaitaje tui, na anayewauliza leo bado atajibiwa na waliokuwa wasichana wakati reli ilipofunguliwa. Nawaomba wanafunzi mliomo humu, hasa mnaorudi likizo Rungwe, Njombe, Sumbawanga na Bukoba, mchukue daftari mwingie jikoni kabla bibi zenu hawajachoka kuulizwa. Isitoshe, mtakula.

Yule kijana niliyempunguzia alama nimemtafuta. Nimeelezwa kuwa ni mwalimu, na kwamba anafundisha hisabati.

Siku ile Lupepo tulikula mchuzi kwa ndizi za kuchemsha na wali wa Kyela. Ulikuwa mzito, mtamu, wenye harufu kidogo ya moshi, na viazi vilikuwa bora kuliko vyovyote nilivyowahi kula pwani. Nilimwambia mwenyeji wangu “ndaga fijo”, akanisahihisha matamshi. Baadaye, alipokuwa akiosha vyombo, aliyakusanya makapi ya nazi katika sahani ya bati, akaniuliza kama na hayo pia kwetu yana jina.

“Chicha,” nikamwambia.

“Mchicha?” akauliza, akitazama bustani yake.

“Chicha, mama. Bila m.”

Alilirudia neno mara mbili, akalipima mdomoni. Kisha akatoka nje na sahani yake, akaita kuku.